Wingu

Siku hizi picha za harusi "ziko kwenye wingu". Neno tamu, ila linaficha bili. Wingu la angani huleta maji. Hili la kompyuta mara nyingi huyanywa, kupoozea mashine zinazonguruma usiku na mchana ndani ya maghala makubwa. Mwaka 2023 huko Ayalandi, maghala haya, yaani vituo vya data, yalikula asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita, kuzidi nyumba zote za mijini. Mwaka 2015 ilikuwa asilimia 5. Na simu iliyopiga picha hizo je? Kaboni yake nyingi hutoka kabla hujaiwasha, kwa hiyo hesabu ya haki huanzia kwenye kobalti ya betri yake, inayochimbwa Kolwezi, Kongo. Wingu hili mimi ningeliita ghala. Wauzaji, najua, hawatakubali.