Dodoma: fasi yenye zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, na namna ya kuitembelea kwa siku moja

Watu wengi wa Lubumbashi walisikia neno divai kwanza mu kanisa, kisha ndiyo wakaliona kwenye meza ya ndoa ao mu nganda. Na kila mutu anafikiri kama divai inatoka mbali: Ufaransa, Ureno, Uhispania, ao Afrika ya Kusini, ile ya kartoni yenye inapita Kasumbalesa kila juma. Wachache wanajua kama kuko fasi moja yenye watu wanazungumuza Kiswahili, wanalima zabibu, na wanatengeneza divai yao wenyewe. Ile fasi ni Dodoma, muji mukubwa wa serikali ya Tanzania.

Mu makala hii tunaeleza namna ya kufika kule, fasi za kuona kwa siku moja, na shida moja yenye wakulima wa zabibu wako nayo. Ile shida, mukulima wa Katanga ataitambua mara moja.

Dodoma iko wapi?

Dodoma iko katikati ya Tanzania, mu inchi ya Wagogo. Haiko kando ya bahari. Serikali ya Nyerere ilikata shauri mu 1973 kama itakuwa muji mukuu, lakini maofisi yalihama polepole sana kutoka Dar es Salaam.

Mashofere wetu wa makamiyo wanajua sehemu kubwa ya njia. Unatoka Lubumbashi, unapita Kasumbalesa, unakata Zambia yote kupitia Kapiri Mposhi na Mpika mpaka Nakonde, unaingia Tanzania kwa Tunduma, kisha Mbeya na Iringa. Pale Iringa makamiyo ya shaba inaendelea Morogoro na Dar es Salaam. Wewe unaacha ile njia, unapanda kaskazini kilomita karibu 260 kupitia bwawa la Mtera, na unafika Dodoma.

Kwa wale wa Kalemie, Uvira ao Bukavu, njia ni ingine: kuvuka Tanganyika mpaka Kigoma. Reli ya zamani yenye Wajerumani walijenga, na yenye ilifika Kigoma mu 1914, inapita Tabora na Dodoma mbele ya kufika Dar es Salaam. Na mutu mwenye kuwa tayari Dar es Salaam anaweza kupanda treni mupya ya umeme, yenye ilianza kufika Dodoma mu 2024.

Juu ya nini zabibu inakubali kule na si kwetu?

Dodoma na Lubumbashi zinakaribiana kwa urefu: Dodoma iko metre karibu 1,100 juu ya bahari, Lubumbashi karibu 1,200. Tofauti kubwa ni mvua. Lubumbashi inapata milimetre karibu 1,200 kwa mwaka. Dodoma inapata kama nusu tu ya ile, na karibu yote inanyesha kati ya mwezi wa 12 na wa 4. Muzabibu hauogope jua, unaogopa maji mingi kwenye majani, juu inaleta ukungu wenye kuharibu majani na matunda.

Kuko na jambo lingine. Kule Ulaya, muzabibu unalala wakati wa baridi na unazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulalisha. Ni mukulima mwenyewe mwenye kuuamusha: anakata matawi, muti unatoa machipukizi mapya, na kisha miezi karibu mine zabibu inakuwa tayari. Kwa hiyo kule wanavuna mara mbili: wakati wa mvua, kuelekea mwezi wa 2 na wa 3, na wakati wa kiangazi, kuelekea mwezi wa 8 na wa 9. Zabibu ya kiangazi ndiyo inapendwa zaidi kwa divai, juu jua linaongeza sukari na magonjwa inapunguka. Lakini shamba la kiangazi linaomba maji ya kumwangilia, na haiko kila mukulima mwenye kuwa na pompi.

Nani alileta ile muti?

Ilianza na misa. Sheria ya Kanisa Katolika inaomba divai ya misa itoke mu zabibu, haiwezi kutoka mu tunda lingine. Mapadri wa Italia wenye walikuwa Bihawana, karibu na Dodoma, walipanda mizabibu mbele ya uhuru wa Tanganyika, na wakaona inakubali. Kisha uhuru, serikali ilichukua ile kazi: gereza la Isanga lilipanda mashamba, na mu miaka ya ujamaa kukakuwa kampuni ya serikali, Dodoma Wine Company, yenye watu waliita DOWICO. Ile kampuni ilianguka kisha, sawa vile makampuni mengi ya serikali ya wakati ule, na wakulima wakabakia na mashamba bila mununuzi wa hakika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Waitaliano walianzisha kiwanda kingine kule Hombolo, CETAWICO. Alko Vintages nayo iko inatengeneza divai Dodoma, na kuko viwanda vingine vidogo. Leo zabibu inalimwa zaidi na watu wadogo, kila mutu na shamba lake, mu vijiji sawa Mpunguzi, Mvumi, Hombolo na Chinangali.

Siku moja mu mashamba

Kwa siku moja huwezi kuona yote. Fasi zenyewe ziko pande mbalimbali za muji, na vumbi na joto vinachokesha. Chagua mbili ao tatu, na utafute motokari yenye shofere mwenye kujua njia.

Asubuhi: njia ya Iringa. Kama ulitoka Tunduma, utapita pale mbele hata ya kuingia muji. Kuanzia Mpunguzi mpaka Bihawana unaona mashamba ya zabibu kando ya barabara: mistari ya miti, waya zenye zimekazwa juu ya nguzo, na majani ya kijani kati ya inchi nyekundu yenye kukauka. Wakati wa mavuno unakuta watu wanauza zabibu ya kula. Usiingie shamba la mutu bila kuomba. Kule, mutu mukubwa anasalimiwa «shikamoo» mbele ya kumuuliza kitu chochote, na anakujibu «marahaba». Ukianza na maulizo mbele ya salamu, utapata majibu mafupi.

Katikati ya asubuhi: Makutupora. Iko kaskazini ya muji, kwenye njia ya Arusha. Pale kuko kituo cha serikali cha uchunguzi wa zabibu. Jina la kile kijiji ndilo walipatia zabibu nyekundu yenye wakulima wengi wanalima, Makutupora nyekundu. Kwa divai nyeupe, wengi wanalima Chenin, yenye asili yake ni Ufaransa. Kituo ni fasi ya kazi, hakiko bustani ya matembezi. Omba ruhusa siku mbele.

Kisha saa sita: Hombolo. Kuko bwawa kubwa, kuko mashamba, na kuko kiwanda. Kama unataka kuingia ndani ya kiwanda, piga simu mbele. Wakati wa mavuno wako na kazi mingi, lakini ndiyo wakati wa muzuri zaidi wa kuona.

Ndani ya kiwanda unaona nini?

Kazi yenyewe si uchawi. Zabibu inafika mu visanduku, inapimwa kilo, kisha mutu anaminya tone moja la maji yake juu ya kifaa kidogo chenye kuonyesha sukari. Ile sukari ndiyo itakuwa pombe: gramu karibu 17 za sukari mu litre moja zinatoa kiasi cha pombe cha asilimia 1. Zabibu yenye haina sukari ya kutosha haiwezi kutoa divai ya nguvu.

Mashine inaondoa vijiti na kupasua matunda. Kwa divai nyekundu wanaacha maji pamoja na maganda, juu rangi iko mu maganda. Kwa divai nyeupe wanakamua mara moja na kutupa maganda. Hamira inakula sukari, inatoa pombe na gazi, kwa siku karibu saba mpaka kumi na ine. Kisha divai inapumuzika mu mitungi mikubwa ya chuma chenye hakishike kutu.

Haiko yote yenye inawekwa mu chupa palepale. Ingine inauzwa kwa jumla kwa makampuni makubwa. Watu wa Dodoma wanaiita «mchuzi wa zabibu». Usishangae ukisikia ile neno: hawazungumuzie mboga.

Shida ya mukulima

Hapa ndipo mugeni anapaswa kusikiliza muzuri. Ndizi unaweza kuikata mbichi na itaiva mu nyumba. Zabibu hapana. Ukiikata mbele ya wakati, inabakia na uchachu wake. Ukiiacha kwenye muti kisha kuiva, ndege na nyuki wanaikula, na inaanza kuoza. Ukiisha kuivuna, kwa joto la Dodoma uko na siku chache tu.

Kwa hiyo mukulima hawezi kungojea bei ipande. Wakati wote wanavuna pamoja, viwanda vikijaa, mununuzi ndiye anasema bei, na wewe unakubali ao unaangalia matunda yako inamwangika chini. Na shamba lilikwisha kumukula pesa mingi: nguzo, waya, dawa, maji, na miaka kama miwili ao mitatu ya kungojea mbele ya mavuno ya kwanza.

Hesabu ni ya rahisi. Chupa moja ya centilitre 75 inaomba kilo moja na zaidi kidogo ya zabibu. Ukiwa Dodoma, uliza bei ya kilo mu shamba, kisha uangalie bei ya chupa mu duka. Utaelewa ni nani anapata faida.

Serikali ya Tanzania ilijaribu kusaidia kwa njia ya kodi: divai yenye kutengenezwa na zabibu ya inchi, kuanzia asilimia 75, inalipa ushuru mudogo kuliko divai ya inje. Ile inasaidia viwanda kununua kwa wakulima wa pale. Dawa ya hakika ambayo wakulima wanaitafuta ni kuwa na mitungi yao: kukamua zabibu wenyewe, kwa kikundi, na kuuza mchuzi wenye unaweza kungojea miezi, pahali pa matunda yenye hayangojee hata juma moja.

Sisi tunapata nini mule?

Haut-Katanga haitakuwa inchi ya zabibu. Lakini kila mwaka wakati wa mvua tunaona maembe inaoza chini ya miti, na masuku ya pori inauzwa bei ndogo kando ya barabara juu kesho haitafaa tena. Malawi wanatengeneza divai ya masuku na kuiweka mu chupa. Shida yetu ni ileile ya Mpunguzi: mutu asiye na fasi ya kuchunga mazao yake anauza kwa bei ya mutu mwingine.

Mbele ya kusafiri

Beba paseporti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Congo iko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini uliza kwanza kwa balozi ya Tanzania, na ya Zambia kama unapita kwa barabara. Badilisha pesa kwa watu wenye ruhusa. Kule wanasema «mvinyo» ao «waini». Ukiomba divai, wengine watafikiri unatafuta padri. Shofere asionje. Kama unarudi na chupa nyingi, uliza duane mbele ya kununua, si kwenye mupaka. Na kama unaweza, nenda mu mwezi wa 8 ao wa 9.