Asili ya Tuni za Kanisa

Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, walileta pamoja na Injili tuni za kwao Ujerumani. Tuni hizo zilipewa heshima kuu. Ngoma na nyimbo za nyumbani, katika sharika nyingi, zilihesabiwa kuwa mambo ya upagani, na Mkristo aliyezipenda alionekana kama aliyerudi nyuma.

Hata hivyo, afuatiliaye asili ya tuni hizo za Ujerumani hukuta jambo la ajabu. Tuni ya wimbo wa mateso wa Paul Gerhardt, uimbwao Ijumaa Kuu, ilichapishwa na Hans Leo Hassler mwaka 1601, nayo ilikuwa ya wimbo wa mtu aliyefadhaishwa na mapenzi. Mwaka 1613 ikapewa maneno ya kuomba mwisho mwema, na mwaka 1656 ikaunganishwa na maneno ya Gerhardt. Luther mwenyewe, katika wimbo wake wa Krismasi wa mwaka 1535, alifuata wimbo wa kidunia uliojulikana na watu. Ndipo mwaka 1539 ukapata tuni nyingine.

Njia hiyo hiyo ilifuatwa Makumira. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia, aliandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" kwa tuni ya Kitanzania. Mwalimu Howard Olson alikusanya nyimbo za namna hiyo katika kitabu "Tumwimbie Bwana" cha mwaka 1968. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutia wimbo wa Kyamanywa katika Kijerumani, nao leo umo katika "Evangelisches Gesangbuch", kitabu cha nyimbo cha Wakristo wa Kiinjili wa Ujerumani. Waliotoa tuni nao wakapokea tuni.

Basi, hakuna tuni iliyozaliwa takatifu. Hutakaswa na Neno inalolibeba. Kwa hiyo tuni za Ujerumani, ambazo wazee wamezikia wafu wao kwa miaka mingi, zisidharauliwe, wala za nyumbani zisionewe haya. Usharika uingiapo karne ya pili, vijana na waandike kila wimbo wa kwaya ulitungwa na nani, mwaka gani, na tuni yake ilitoka wapi, maadamu wenye kukumbuka wangali hai.