Uchujaji shirikishi, au ladha wenza?

Cheza wimbo mmoja wa Mlimani Park Orchestra kwenye programu ya muziki ya simu, uuache uishe. Mwingine utaanza wenyewe bila kuitwa, na mara nyingi utakuwa wa Msondo, au wa Orchestra Maquis, au wa Marijani Rajab. Programu imejuaje? Haifahamu mafumbo ya mashairi yale, na kwa njia ninayotaka kuieleza hapa haikuusikiliza wimbo hata sekunde moja. Imehesabu watu. Tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza la njia hiyo ni uchujaji shirikishi. Ni tafsiri sahihi kwa sarufi, lakini naamini inampoteza msomaji mara mbili, kwa neno la kwanza na kwa neno la pili.

Jina lenyewe lilizaliwa mwaka 1992 katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, California. David Goldberg na wenzake watatu walikuwa wameelemewa na barua pepe, wakatengeneza mfumo walioupa jina Tapestry. Mtu alisoma barua, akaiambatishia maoni yake: hii inafaa, hii haina maana. Mwenzake aliweza kuuagiza mfumo umletee zile tu ambazo fulani amezisifu. Walijuana kwa majina, na kila mmoja alitoa maoni akijua kwamba yatamsaidia mwingine. Hapo neno shirikishi lilikaa mahali pake kabisa.

Miaka miwili baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wa MIT walitoa GroupLens, mfumo ambamo kompyuta yenyewe ilitafuta nani anafanana na nani. Mwaka huohuo, katika maabara ya MIT, Upendra Shardanand na Pattie Maes waliuleta utaratibu huo kwenye muziki. Mfumo wao uliitwa Ringo. Mtu aliuandikia kwa barua pepe, ukamtumia orodha ya wanamuziki, naye akampa kila mmoja alama, kuanzia 1 hadi 7. Ringo uliwatafuta watu waliotoa alama kama zake, kisha ukamtajia wanamuziki waliopendwa na hao lakini yeye bado hajawasikia. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1995, wawili hao walisema wazi kwamba walichotaka ni kuifanyisha kompyuta ile kazi ambayo watu huifanya kwa mdomo: kuambizana. Ringo ulikua ukawa kampuni ya Firefly, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1998.

Hesabu yake si ngumu, na ni vizuri kuiona kwa karibu, maana istilahi nyingi hutisha kwa sababu tu hakuna aliyekaa akazifungua. Tuseme wimbo wa zamani wa taarabu ya Mombasa umesikilizwa na watu 100. Wimbo wa pili, wa Lamu, umesikilizwa na watu 50, na 40 kati yao wamo pia katika wale 100. Wimbo wa tatu ni kibao cha bongo fleva kinachopigwa kila kona. Wasikilizaji wake ni 10,000, na 90 kati ya wale 100 wa taarabu wamekisikiliza. Ukitazama haraka utasema kibao hicho ndicho mwenzi wa taarabu yetu, kwani 90 inaizidi 40. Lakini kibao hicho ni mwenzi wa kila wimbo duniani. Kwa hiyo idadi ya wasikilizaji wa pamoja hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la idadi mbili kamili. Kwa wimbo wa Lamu tunapata 40 kugawanya kwa takriban 71, yaani kama 0.57. Kwa kibao tunapata 90 kugawanya kwa 1,000, yaani 0.09. Wimbo wa Lamu unashinda kwa mbali, na ndio utakaofuata.

Anayejitengenezea mkusanyo wake wa nyimbo anaweza kuifanya hesabu hii kichwani bila namba. Akikutana na mtu ambaye naye anaupenda wimbo usiojulikana sana, amuulize anapenda nini kingine. Kupatana kwenye wimbo ambao kila mtu anaupenda hakumwambii lolote.

Sasa tazama neno kuchuja. Mtu akichuja tui la nazi, tui hupita na machicha hubaki juu ya kifumbu. Kuchuja ni kuondoa kisichotakiwa katika kilichopo, na kwa barua pepe zilizowafurika watafiti wa Palo Alto neno hilo lilifaa. Msikilizaji wa muziki hana kilichomfurika. Wimbo wa Lamu haukuwa mbele yake, umeletwa. Anayeletewa wimbo amependekezewa. Na kuna ubaya mwingine ambao ni wa Kiswahili peke yake: katika mazungumzo ya muziki, kuchuja ni kupauka. Kanga huchuja rangi, na msanii ambaye nyimbo zake hazitambi tena tunasema amechuja. Mwandishi wa gazeti akisema programu fulani inachuja nyimbo za wasanii wa zamani, nusu ya wasomaji wake watadhani anawaonea huruma wasanii hao.

Neno shirikishi linanisumbua zaidi. Tumelizoea katika ufundishaji shirikishi, utafiti shirikishi na mipango shirikishi ya kijiji, na kote huko lina ahadi ndani yake: watu wameitwa, wameulizwa, wamesema lao. Wasikilizaji wale 100 hawakuulizwa. Mmoja alikuwa Tanga anapika, mwingine Muscat njiani kwenda kazini, na simu ilirekodi tu kwamba wimbo huu umesikilizwa, huu umerukwa. Ringo ulikuwa bado unaomba alama. Mifumo mingi ya sasa haiombi, inatazama unachofanya. Kuwaita watu hao washiriki ni kuwapa sifa ambayo hawana, na pia ni kuificha kazi ambayo wameifanya bila kuombwa wala kulipwa. Lugha yetu isiutie mfumo heshima ya mkutano wa kijiji.

Kwa hiyo napendekeza tuseme upendekezaji kwa ladha wenza. Ladha tayari tunaitumia kwa muziki, na wenza linasema jambo lenyewe lilivyo: ladha mbili zinakwenda pamoja ingawa wenye ladha hizo hawajuani. Kwa hadhira ya wataalamu, uchujaji shirikishi unaweza kutajwa mara moja mwanzoni ili wanaotafuta vitabu vya Kiingereza wasipotee, kisha andiko liendelee na ladha wenza.

Njia ya pili ya kupendekeza, iliyo ndugu wa hii, nayo ina mtego wa tafsiri. Badala ya kuhesabu watu inauchunguza wimbo wenyewe. Pandora ya Marekani ilijengwa juu ya kazi hiyo: wanamuziki waliosomea muziki walikaa na kusikiliza wimbo mmoja mmoja, wakiandika sifa zake kwa mamia, mwendo, ala, namna ya kuimba, mpangilio wa sauti. Mfasiri mwenye haraka ataandika upendekezaji kwa maudhui. Lakini kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili darasani anajua kwamba maudhui ni ujumbe, na kinyume chake ni fani. Mwendo na ala na sauti ni fani! Mfumo haujui wimbo unamsuta nani wala unamlilia nani, na hilo ndilo tunaloliita maudhui. Upendekezaji kwa sifa za wimbo ni jina refu kidogo, lakini halidanganyi.

Kuna pia tatizo ambalo wasemaji wa Kiingereza huliita kwa picha ya injini isiyopata joto. Wimbo umeingia leo, hakuna aliyeusikiliza, kwa hiyo hauna wenza na hakuna atakayeletewa. Vivyo hivyo kwa msikilizaji aliyejiunga asubuhi hii. Tuliite tatizo la ugeni, basi. Hakuna Mswahili atakayehitaji maelezo.

Muziki wetu unaumizwa na ugeni huo kuliko muziki wa wengine, hata pale ambapo wimbo una umri wa miaka 50. Spotify, kwa mfano, ilifunguliwa rasmi Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021 tu. Kabla ya hapo na hadi leo, sehemu kubwa ya usikilizaji imepita mahali ambapo hakuna mfumo unaohesabu: kanda zilizonakiliwa madukani, vipindi vya salamu redioni, flashi za madereva wa daladala. Kijana mwenye kompyuta na meza kando ya stendi, anayejaza watu nyimbo kwenye memori kadi, anajua vizuri kwamba anayetaka Les Wanyika hataondoka bila Simba Wanyika. Ujuzi wake ni ladha wenza hasa, na hakuna kampuni iliyouandika popote.

Hata usikilizaji unaohesabiwa unahesabiwa kwa kipimo cha muziki mwingine. Spotify huuhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Katika taarabu ya Unguja sekunde hizo zinaweza kuisha fidla na kanuni bado zinafungua njia, mwimbaji hajatia neno. Katika dansi, mashabiki wengi wanasubiri sehemu ya pili, pale magitaa yanapochemka, dakika kadhaa mbele. Aliyekomea sekunde ya 35 na aliyecheza mpaka mwisho, katika hesabu hiyo ya sekunde 30, ni sawa.

Kuna tatizo ambalo tunaweza kulirekebisha sisi wenyewe, nalo ni majina. Anayepandisha nyimbo kwenye mtandao huandika Marijani Rajab, mwingine Marijani Rajabu. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, zinaweza kuwekwa chini ya jina lake, chini ya Morogoro Jazz Band au chini ya Super Volcano, na jina lake lenyewe likaandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Kwa mfumo unaohesabu, kila tahajia ni mwanamuziki mwingine. Rudi kwenye hesabu yetu: wale 40 wa pamoja wakigawanyika 20 huku na 20 huku, alama inashuka pande zote mbili, na wasikilizaji wa mtu mmoja wanabaki makundi mawili yasiyojuana.