Meza ya Wageni katika Butembo na Beni

Msomaji wa pwani akitajiwa mikahawa ya Waitalia, fikira zake huelekea Malindi, ambako watu wa taifa hilo walishika makazi tangu zama za kituo chao cha San Marco, kilichorusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967. Lakini akipanda hadi Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, atakuta kwamba wageni wa Ulaya walikaa huko pia, ila taarikhi ya meza yao ni ya namna nyingine kabisa.

Butembo ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipokuja kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, na mwaka 1929 wakawasili mapadri wa Assomption, kisha walowezi wa kahawa na wafanyi biashara, miongoni mwao Wagiriki, watu wastahimilivu waliofungua maduka hata pale ambapo Mbelgiji aliona hapamstahili. Baadhi ya Wagiriki wa Kongo asili yao ilikuwa visiwa vya Dodecanese, vilivyotawaliwa na Italia tangu 1912 hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo wako waliovuka bahari kwa hati za Kiitalia hali nyumbani walisema Kigiriki.

Meza yao haikuwa ya kila mtu. Mwafrika aliijua kwa upande wa jikoni, akiwa mpishi au boi, na sioni haja ya kulipamba neno hilo. Lakini maakuli yale yalihitaji mazao, nayo milima ya jirani ya Lubero, kwa ubaridi wake, ikakubali ngano, viazi ulaya, kabichi na liki, mazao ambayo Wanande, wakulima hodari tangu jadi, waliyalima kwanza kwa ajili ya migodi na wazungu, na baada ya uhuru wa 1960 wakayafanya tijara yao wenyewe, wakiyapeleka Kisangani kwa malori na Kinshasa kwa ndege. Beni, umbali wa kilomita 54, penye joto na msitu, ilishughulika zaidi na kahawa na mawese.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zingekabidhiwa raia, na Wagiriki wengi wakaondoka nchini. Katika miji mingi maduka yakafilisika mikononi mwa waliopewa bure. Butembo ilinusurika, na sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba Wanande, ambao mtafiti Vwakyanakazi Mukohya aliandika juu ya biashara yao katika tasnifu yake ya mwaka 1982, walikuwa wamekwisha kujifunza biashara kwa jasho lao kabla ya kugawiwa cha mtu.

Leo chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, huteremka mlimani na magunia ya viazi, na liki hufungwa mafungu sokoni kwa kamba ya mgomba, zisiulizwe tena asili yake. Ngano ya Lubero nayo ingali ikilimwa. Lakini unga wa mikate ya mjini aghalabu huletwa kwa malori kupitia mpaka wa Kasindi, kutoka Uganda.