Walker: Jina Lililozaliwa Miguuni mwa Wakanyaga Nguo

Mwaka 1908 msanii Tom Browne alichora mwanamume mwenye kofia ndefu na mkongojo, anatembea kwa hatua pana. Mchoro huo ukawa alama ya pombe ya Johnnie Walker, na hadi leo unaonekana kwenye mabango ya miji mingi ya dunia. Browne alilichukua jina kama masikio ya siku hizi yanavyolisikia, kwani katika Kiingereza cha sasa walker ni mtu anayetembea. Lakini watu wa kwanza kuitwa hivyo hawakuwa wasafiri. Walipiga hatua kutwa nzima bila kuondoka mahali pamoja, wakiwa wamesimama ndani ya hori ya maji na kukanyaga nguo za sufu.

Kazi hiyo ilikuwa nguzo ya uchumi wa Uingereza katika Enzi za Kati. Nguo ya sufu inapotoka kwa mfumaji bado si ya kuvaliwa. Nyuzi zake zimelegea, na zimejaa mafuta: ya kondoo mwenyewe, na mengine yaliyopakwa ili sufu isokotwe kwa urahisi. Mkanyaga nguo aliilaza horini, akaimwagia maji na mkojo uliowekwa siku nyingi hadi ukachacha na kutoa amonia ya kukata mafuta. Alitumia pia udongo laini wenye sifa ya kunyonya shahamu. Kisha akapanda juu yake kwa miguu mitupu, akaikanyaga na kuigeuza kwa saa nyingi. Nyuzi zikashikana, nguo ikanywea, ikawa nzito na yenye kuzuia upepo. Mwishowe ikasuuzwa na kuwambwa kwenye viunzi vya mbao vyenye kulabu ili ikauke bila kujikunja. Ilikuwa kazi ya baridi, uvundo na mgongo kuuma, na bila hiyo hakuna mfalme wala mkulima ambaye angepata joho la kumfaa.

Katika Kiingereza cha kale, kitenzi wealcan kilimaanisha kuviringisha au kugeuzageuza, na aliyeifanya kazi hiyo juu ya nguo aliitwa wealcere. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja kutawala kitenzi hicho baadaye, na ile ya kwanza ikasahaulika katika mazungumzo ya kila siku. Jina la ukoo ndilo lililoihifadhi. Kila anayejiandika Walker anaandika, bila kujua, maana ambayo lugha yake imeiacha kwa karne nyingi.

Wala jina la Walker halina upekee, kwa sababu kazi hii moja ilizaa majina matatu. Kaskazini na katikati ya Uingereza waliifanya akina Walker. Kusini mashariki na Anglia ya Mashariki waliitwa Fuller, neno lenye asili ya Kilatini, fullo. Kusini magharibi, katika Devon na Somerset, waliitwa Tucker, kutokana na kitenzi cha kale kilichomaanisha kutesa, na hakika nguo ile iliteswa. Katika mji wa Exeter bado lipo jengo la Tuckers Hall, lililojengwa mwaka 1471 na chama cha wafumaji, wakanyaga nguo na wakata manyoya ya nguo. Sensa ya mwaka 1881, zaidi ya miaka 400 baadaye, inaonyesha majina hayo matatu yakiwa bado yamekusanyika zaidi katika maeneo yale yale. Ukiyapanga kwenye ramani, unaisoma mipaka ya lahaja za Kiingereza cha Enzi za Kati.

Namna sifa ya kazi ilivyogeuka kuwa jina la ukoo inahitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili. Kwetu pwani, Juma bin Ali akizaa mtoto akamwita Salim, mtoto huyo ni Salim bin Juma. Jina la pili hubadilika kila kizazi. Waingereza wa kawaida nao hawakuwa na jina la kudumu. John mkanyaga nguo aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake, na mwanawe akiwa mwokaji angeitwa mwokaji. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, familia zenye ardhi ndizo zilizotangulia kurithisha majina, ili mali ifuate damu. Watu wa kawaida walifuata polepole, hasa katika karne ya 13 na ya 14, kusini kukitangulia kaskazini. Makarani wa mahakama na watoza kodi walihitaji kumtofautisha John huyu na John yule. Kodi za kichwa za mwaka 1377, 1379 na 1381 ziliacha orodha ndefu za majina, na kuanzia mwaka 1538 kila parokia ilitakiwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko.

Lakini wakati majina yalipoanza kurithiwa, kazi yenyewe ilikuwa inaiacha miguu. Mwaka 1185, ukaguzi wa mali za shirika la watawa wapiganaji wa Hekalu uliandika habari za vinu vya maji vilivyoponda nguo kwa nyundo za mbao huko Yorkshire na Gloucestershire. Katika miaka mia moja iliyofuata vinu hivyo vilienea sana, hata mwanahistoria Eleanora Carus-Wilson, katika makala yake ya mwaka 1941, akayaita mabadiliko hayo mapinduzi ya viwanda ya karne ya 13. William Langland, katika shairi lake la Piers Plowman la karne ya 14, anazitaja njia zote mbili, mguu na kinu, kama mambo ambayo msomaji wake anayajua. Hivyo watoto wengi waliorithi jina la Walker hawakuwahi kuingia horini. Walirithi kumbukumbu ya nyayo za babu zao.

Wala hakuna ukoo mmoja wa Walker wenye babu mmoja. Jina lilichipuka mara nyingi, katika kila kijiji chenye sufu na maji. Wengine huenda walilipata kutoka Walker, mahali karibu na Newcastle, ambako jina linatokana na ukuta wa Warumi na kinamasi kilichokuwa kando yake. Huko Scotland, watu wa ukoo wa Mac an Fhucadair, yaani mwana wa mkanyaga nguo kwa Kigaeli, walipoandikwa kwa Kiingereza wakawa Walker.

Jina likavuka bahari pia, na huko likabebwa na watu ambao babu zao hawakuwahi kuiona Yorkshire. David Walker, Mmarekani Mweusi, alichapisha mjini Boston mwaka 1829 waraka mkali wa kupinga utumwa. Maggie Lena Walker alianzisha benki mjini Richmond mwaka 1903. Sarah Breedlove, aliyezaliwa mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa, alijulikana kama Madam C. J. Walker kwa jina la mumewe, akajenga biashara kubwa ya vipodozi vya nywele. Kwa watu hawa jina si ushahidi wa damu ya Kiingereza. Ni alama ya historia nyingine, na wao wameliongezea heshima ambayo wakanyaga nguo hawakuiota.

Walker si neno pekee la kazi hii lililosahaulika. Katika Injili ya Marko, sura ya 9, mavazi ya Yesu yanang'aa mlimani kwa weupe usiowezekana kwa fundi yeyote wa duniani. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamwita fundi huyo fuller. Wafasiri wa Kiswahili wa Union Version wakaandika dobi, na msomaji wetu anaelewa mara moja, kwa sababu dobi anamjua. Msomaji wa Kiingereza leo hulazimika kulitafuta neno lake kwenye kamusi, hata kama yeye mwenyewe anaitwa Fuller, na jirani yake anaitwa Walker.