Penseli ya Mgeni, Mkwaruzo wa Mwenyeji

Ukisimama leo kwenye magofu ya Kaole na penseli mkononi, utapata taabu kuchora bandari. Misikiti miwili ipo, makaburi ya nguzo yapo, lakini bahari huioni. Mikoko imejaa pale ambapo zamani vyombo vilitia nanga. Nilijaribu mwenyewe, nikaishia kuchora majani. Basi nikajiuliza: waliouona mwambao huu bandari zake zikiwa hai waliuchoraje?

Wengi wetu swali hili tunawaachia wanahistoria, eti fasihi ni maneno tu. Mimi naona mchoro una fani na maudhui kama lilivyo shairi, na unastahili kuhakikiwa.

Tuanze na wageni. Kati ya 1822 na 1826 Jeshi la Majini la Uingereza, chini ya William Owen, lilipima pwani ya Afrika. Katika kazi ya namna hiyo ilikuwa desturi kuchora ufuko kama uonekanavyo kutoka melini, ili nahodha ajaye autambue. Juni 1857 Burton na Speke walianzia Kaole hii hii safari yao ya kwenda Ziwa Tanganyika. Mwaka 1860 Speke alirudi, akapitia Bagamoyo pamoja na James Grant, mchoraji hodari ingawa mkono wake ulijeruhiwa vitani India. Michoro ya Grant imehifadhiwa Edinburgh.

Sasa tazama fani. Anayechora akiwa melini huuona mlango wa mto, tuseme Ruvu, kama mlango hasa: kitu cha kuingilia. Ufuko unakuwa mstari mwembamba, mashua inakuwa pambo la kuonyesha ukubwa wa maji, na baharia wake ni nukta. Sisemi kwamba wachoraji hao walikuwa na nia mbaya. Nasema mahali aliposimama mchoraji tayari pameshatoa maudhui. Tena mchoro haukufika kwa msomaji ulivyo. Picha za Grant zilizotumika katika kitabu cha Speke cha 1863 zilichorwa upya na Zwecker, msanii ambaye hakuwamo safarini. Ni kama mswada uliopita kwa mhariri mwenye kalamu nzito.

Je, wenyeji hawakuchora? Walichora, tena zamani. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha utafiti wa michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye chokaa ya kuta za magofu, Kilwa na Gedi yakiwamo. Hakuna penseli pale, ni kitu chenye ncha tu. Kwa kawaida hakuna ufuko wala upeo wa macho. Kuna chombo: mlingoti, foromali, kamba, usukani, na mara nyingi tanga la mraba, ambalo linatukumbusha mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba na kutwekwa tanga la mkeka.

Wapo watakaosema hiyo ni michoro ya kitoto. Hapana. Mtoto anaweza kuchora tanga, lakini anayekumbuka kila kamba inafungwa wapi ni mtu aliyeivuta kwa mikono yake. Kwa mgeni chombo ni sehemu ya mandhari. Kwa huyu wa ukutani chombo ndicho habari yenyewe, na mandhari hana haja nayo, kwani anaishi ndani yake.

Majina ya wachoraji hao hatuyajui, na hapo ndipo penye uchungu. Karatasi ya Grant inatunzwa kabatini, lakini chokaa ya ukutani inapigwa na mvua na chumvi, na inapobanduka huondoka na mashua yake. Tumezoea kufundishwa kwamba pwani hii ilichorwa na waliokuja. Ndugu wasomaji, safari ijayo mkienda kwenye magofu, Kilwa au kwingineko, msiangalie mihirabu peke yake. Sogeeni ukutani, mwanga ukiwa wa ubavuni, mtafute mikwaruzo. Mkiiona, inakilini kwa penseli kabla haijadondoka.