Deni la Tribinali: Mambo ya Alabama

Mtu akihukumiwa kulipa amande, twazoea kufikiri kwamba neno limekwisha pale anapotoka mbele ya waamuzi. Historia yatufundisha vingine. Hukumu ni neno moja, namna ya kulipisha ni neno lingine, na mara nyingi hili la pili ndilo lenye kulemea zaidi. Tutazame yaliyotokea Amerika, katika jimbo la Alabama.

Mwaka 1865 utumwa ulikatazwa Amerika yote, kwa badiliko la 13 la Katiba. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: mtu aliyehukumiwa kwa kosa aliweza bado kutumikishwa kwa nguvu. Kule Alabama sheria iliongeza jambo. Mhukumiwa aliyekosa feza aliweza kupata mzamini, ni kusema tajiri wa kumlipia amande pamoja na garama za tribinali. Naye mhukumiwa aliandikiana na tajiri huyo kumfanyia kazi mpaka deni liishe. Akiacha kazi mbele ya siku zake, alishitakiwa upya kwa kosa la kuvunja mapatano.

Ndivyo yalivyompata Ed Rivers, mtu mweusi, mwaka 1910. Alihukumiwa kwa wizi mdogo: amande dola 15, garama dola 43 na senti 75. Tuangalie vema: garama zilikaribia mara tatu ya amande. Katika kazi ya wafungwa angalimaliza yote kwa siku 68. Lakini watu waliogopa sana kazi ile; Alabama ilikodisha wafungwa wake kwa wenye migodi ya makaa mpaka mwaka 1928. Basi bwana mmoja, Reynolds, akamlipia, na Rivers akajifunga kumtumikia miezi 9 na siku 24, kwa dola 6 kila mwezi.

Kiisha mwezi mmoja hivi akaacha kazi. Akakamatwa, akahukumiwa tena. Safari hii amande ilikuwa senti 1 tu, lakini garama dola 87 na senti 5. Tajiri wa pili akamlipia, na kazi ikawa miezi 14 na siku 15. Hivi kifungo kilizaa kifungo kikubwa kuliko cha kwanza.

Tarehe 30 Novemba 1914 Tribinali Kuu ya Amerika ilivunja sheria ile. Sababu yake yaeleweka wazi: tangu tajiri alipolipa, serikali ilikuwa imekwisha kupata haki yake. Deni lililobaki lilikuwa la mtu kwa mtu, na kumtumikisha mtu kwa nguvu sababu ya deni la namna hiyo ni utumwa wenye jina lingine.

Shida haikuisha siku ile. Mwaka 1971 Tribinali hiyohiyo ilikataa mambo ya Texas, ambako maskini mmoja, mwenye amande za dola 425 kwa makosa ya barabarani, alipaswa kukaa kifungoni siku 85, dola 5 kwa siku. Na mwaka 1983 iliamua kwamba mtu aliyeachwa nje kwa sharti la kulipa asirudishwe kifungoni mbele ya kuulizwa kama amekataa kulipa ama amekosa feza.

Basi, tukisikia kwamba mtu fulani amekatiwa amande ndogo, tusiulize kiasi chake tu. Tuulize pia garama ni ngapi, nani atazilipa, na kwa mapatano gani.